Kiti cha Kando ya Bibi Miwani

Kila Jumatano wanajumuiya walikaa kwa duara kanisani, na kila mmoja alimwombea kwa sauti aliyeketi upande wake wa kulia. Fundi cherehani alimwombea Bibi Miwani, mjane asiye na mtoto. Siku moja mtu akatania kwamba maombi ya fundi ni marefu kuliko mapazia anayoshona. Watu wakaangua kicheko. Fundi akanuna, akasusa.

"Mungu hata kwangu yupo," alijisemea, akawa anasali peke yake kando ya cherehani. Akajiombea wateja, akauombea mgongo wake. Bibi hakumjia hata akilini.

Bibi akaugua, akafa. Baada ya mazishi fundi alirudi kwenye maombi, akakuta kiti chake palepale, kitupu.

"Tulimsihi Bibi asogee ili aombewe na mwingine," mama mchungaji alimwambia. "Akakataa katakata. Alisema, 'Mwanangu akirudi atakaa wapi?'"

"Kwa hiyo aliombewa na nani?"

Mama mchungaji akainamisha kichwa. "Alikuwa anakusubiri wewe."

Fundi akaketi. Upande wake wa kulia hapakuwa na mtu. Yule mwenye maombi marefu kuliko mapazia akafungua kinywa, na neno halikutoka.