Donge Lililokataa Kuzama

Msimamizi wa mtambo wa plastiki walimwita Presha, kwa sababu ya geji ya kupimia presha ya gesi, aliyoikodolea macho kutwa nzima, na kwa sababu ya hasira zake za karibu. Kazi yake aliipenda kama kitinda mimba. Gesi ya ethini iliingia kwa bomba, ikakandamizwa na kupashwa moto mpaka chembe zake zikashikana mikono, maelfu kwa maelfu, zikawa plastiki. Plastiki hiyo ilisukumwa nje ingali laini kama ugali wa moto, kisu kinachozunguka kikaikata punje punje, na punje zikaenda kuwa ndoo na madumu.

Tatizo lilikuwa shemeji. Kaka wa mkewe alisimamia mtambo wa pili, ng'ambo ya ukuta, ambako gesi ileile ilikutanishwa na mvuke wa maji na asidi, ikatoka spiriti ya hospitali na ya viwanda vya rangi. Bomba moja, midomo miwili.

"Shemeji, punguza kunyonya!" Presha alikuwa akipiga kelele juu ya ukuta.

"Wewe finyanga vibeseni vyako, niachie kazi ya wanaume!"

Wiki hiyo mkurugenzi, mama asiyecheka ovyo, alitangaza kwamba gesi haitoshi. Angepita Alhamisi kukagua, na mtambo atakaoukuta unapoteza mali ungefungwa.

Alhamisi asubuhi geji ya Presha ilianguka ghafla, kisha ikaruka. Kisu kikakwama. Plastiki haikuwa na habari na kisu. Iliendelea kumwagika sakafuni, mkunjo juu ya mkunjo, na mashine ilipozimwa palikuwa na donge jeupe, kubwa kama ng'ombe aliyelala. Walilimwagia maji likawa gumu. Fundi mmoja akaleta msumeno. Msumeno ukang'ata, ukapata moto, ukanasa.

"Mama yuko getini!" mtu akaita.

Presha akafikiri kidogo, na kidogo hicho hakikutosha.

"Bwawani!"

Nyuma ya jengo palikuwa na bwawa la maji ya kuzimia moto. Wakalibingirisha donge kwa mitaimbo, wakalisukuma. Chubwi! Likazama lote. Presha akashusha pumzi. Likaibuka, likatulia juu ya maji, likizunguka polepole kama mgeni anayetafuta pa kukaa.

"Mzee," fundi alisema kwa adabu, "kwani plastiki yetu si nyepesi kuliko maji?"

"Sasa ndiyo unakumbuka?"

Akanyakua ufito alididimize. Likadidimia huku, likainuka kule, ukingo ukateleza, na Presha akaingia majini mzima mzima na mabuti yake. Kuogelea hajui. Akalikumbatia donge kama mtoto aliyemwona mama sokoni.

Hapo ndipo mkurugenzi alipotokea, na shemeji nyuma yake, kachana nywele.

"Habari za kazi?"

"Nzuri, mama," Presha alijibu, akitema maji.

"Na hicho ni nini?"

Donge lilikuwa kubwa kuliko uongo wowote aliokuwa nao.

"Hasara, mama. Kisu kilikwama. Nilitaka usiione."

"Ukaamua kuzamisha plastiki? Wewe?"

Shemeji alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaona midomo ya Presha inavyotetemeka, akaacha.

"Mama," akasema, "asubuhi nilifungua valvu yangu ya gesi hadi mwisho, ukija ukute mtambo wangu unapendeza. Sikumwambia. Ndiyo maana gesi yake iliyumba."

"Na kwa nini unajichomea?"

"Ameoa dada yangu. Akikosa kazi, wote watahamia kwangu. Na huyu anakoroma, mama."

Mkurugenzi akatoa leso, akajifunika mdomo kwa muda mrefu, mabega yakimcheza.

"Mnanyonya ziwa moja na mnapigana mateke," alisema hatimaye. "Sifungi mtambo wowote. Donge lisagwe, liyeyushwe upya. Na kuanzia leo hakuna wa kugusa valvu kabla ya kumpigia mwenzake simu. Sasa mtoeni huyo kabla hajaota ukoga."

Simu zikafungwa ukutani, moja kila upande.

"Shemeji, nafungua."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Ya dada yangu."

"Haya, taratibu basi."

Wakapigiana hivyo miaka yote, hata siku ambazo bomba lilikuwa tupu na hapakuwa na cha kufungua.