Mhudumu wa Meza ya Bia Nyeusi

Hasira ya Noelene Dargavel ilianza kwa simu, siku ya Alhamisi, akiwa anakausha chupa. Aliyepiga alikuwa Keith Spurling, mratibu wa shindano la mwaka la Wazee wa Dumu, chama cha wapika bia wa nyumbani pale mjini Toowoomba.

"Shemeji, Jumamosi nimekuweka meza ya bia nyeusi," alisema Keith. "Unawapelekea majaji glasi, unawaongezea biskuti, basi. Kazi nyepesi."

"Keith, meza hiyo nina bia yangu."

"Ile ya Ross? Haina neno. Sheria inamzuia mwenye bia, haimzuii mke wake."

"Si ya Ross. Ni yangu mimi."

"Haya, yenu," Keith akacheka. "Uje mapema, shemeji. Na aproni yako." Akakata simu.

Noelene alibaki ameishika simu kama mtu aliyetukanwa kwa upole, na kutukanwa hivyo ndiko kubaya zaidi, kwa kuwa huna pa kurudishia. Keith hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya ingekuwa rahisi. Ni yeye aliyewaletea mashine ya kusagia kimea ilipoharibika ya kwao, akamkabidhi Ross mlangoni, akamweleza Ross namna ya kuitumia, wakati Noelene amesimama pale pale mikono imejaa unga wa shayiri.

Ross mwenyewe bia ilimpa kiungulia. Alikunywa divai nyekundu, glasi moja na nyama, akaenda kulala. Anayepika alikuwa Noelene, kule gerejini, katikati ya mashine ya kukatia majani na baiskeli za watoto waliokwisha kuhama. Alipika kama wanavyopika watu wa huko, waliokulia kwenye ukame na kufundishwa kuona aibu wakiliacha bomba wazi. Hakuyapoza maji ya kimea kwa kuyapitishia maji baridi. Aliyamimina yakiwa yanachemka ndani ya dumu la plastiki, akalifunga, akalilaza ubavu, akaliacha lipoe lenyewe mpaka kesho ndipo atie hamira. Kazi ya Ross siku ya kupika ilikuwa kushika mlango, dumu lisigonge nguzo.

Lakini kadi ya chama iliandikwa "Ross Dargavel na familia", na Noelene alikuwa familia. Wanaume wa chama walimfuata Ross na glasi mkononi, wakamsifia bia. Mwanzoni Ross alikuwa akiwasahihisha. Baadaye alichoka. Siku hizi aliitikia kwa kichwa tu na kusema, "Asante, ilitoka vizuri." Noelene alikuwa amemsikia akilisema hilo, akanyamaza, akaenda kuosha glasi pamoja na wake wengine. Ajabu ni kwamba mambo ya kupika pombe yalitoka kwa bibi za wanawake hao hao. Wanaume waliyachukua, wakayatia vipimajoto na mabomba yanayong'aa, kisha wakamgeukia mjukuu wa bibi wakamwomba alete biskuti.

Mwaka huu alikuwa na sababu ya kutonyamaza. Bia itakayoshinda zote ingepikwa tena kwenye kiwanda kidogo cha mjini, na mshindi mwenyewe angekuwa pale siku nzima, akipanda ngazi kwenye yale mapipa makubwa, akikoroga, akiamua. Halafu ingeuzwa majira yote ya joto, na jina la mpishi lingeandikwa juu ya bomba la kuimiminia. Noelene alilitaka jambo hilo kwa tamaa ambayo hakumwambia mtu, hata Ross. Alikuwa na miaka hamsini na saba, na hakukumbuka mara ya mwisho kutaka kitu namna hiyo.

Angeweza kumpigia Keith tena na kukataa kuhudumu. Hakukataa. Kusema kweli, alitaka kusikia kwa masikio yake watakachosema juu ya bia yake wasipojua ni ya nani.

Jumamosi ukumbi wa maonyesho ya kilimo ulinuka vitunguu, maana nje walikwisha kuanza kuchoma soseji. Meza ya bia nyeusi ilikuwa na majaji wawili. Mkuu alikuwa Alwyn Petch, mzee mwenye ndevu zilizochanwa vizuri na miwani inayoning'inia kifuani. Wa pili alikuwa Duncan, fundi umeme mwenye shingo nene, ambaye alikubaliana na Alwyn kabla Alwyn hajamaliza kusema. Chupa zote zilifunikwa, zikapewa namba. Desturi ya chama ilikuwa kwamba mhudumu haongei mezani. Akiulizwa, hujibu kuhusu maji na biskuti tu.

Alwyn alionja ya kwanza, tamu, yenye harufu ya chokoleti. Akakunja uso.

"Hii imepikwa kwa ajili ya kina mama," alisema. Akamtazama Noelene, akatabasamu. "Usinichukie, dada. Ni namna ya kusema."

"Bia ya kike kabisa," Duncan akaitikia.

Noelene akawamiminia maji. Kwa harufu yake alijua chupa ile ni ya nani. Ilikuwa ya Bruce, dereva wa trela mwenye mikono iliyojaa michoro, na angetoa pesa nzuri kuwaona wakimwambia Bruce maneno hayo.

Yake ilikuja baada ya chache. Aliitambua kwa povu lake, la rangi ya kahawia, linalokaa. Aliiweka mezani kama alivyoziweka nyingine. Alwyn alinusa, akanywa. Akanywa tena. Duncan alimsubiri Alwyn aseme, ndipo ajue maoni yake mwenyewe.

"Enhe," Alwyn akasema polepole. "Huyu analijua dumu."

"Analijua," Duncan akasema.

"Sikia uchungu wake ulivyokaa. Haukwaruzi. Vijana wanasoma vitabu vya watu wenye maji ya kuchezea, wanatia maua ya hopu, yale ya kuleta uchungu, kama walivyoambiwa, wanasahau kwamba humo ndani ya dumu yanaendelea kuiva usiku kucha. Kesho yake bia chungu kama dawa ya minyoo. Huyu amechelewesha maua mpaka mwisho kabisa. Huyu si kijana. Huyu mwanamume amepika miaka thelathini na ameharibu madumu mengi mpaka kufika hapa."

Furaha ilimpanda Noelene, na nyuma yake ikaja hasira. Alikuwa amepika miaka tisa tu. Ni kweli aliharibu madumu mengi. Ukiacha hesabu ya miaka, kila neno alilosema Alwyn lilikuwa kweli isipokuwa moja, na hilo moja ndilo lililomtoa yeye nje.

"Dada, biskuti," Alwyn akasema bila kuinua macho.

Akampa biskuti.

Alasiri bia zilizoshinda kila meza zilikusanywa, zikaonjwa na majaji wote kwa pamoja, kisha namba zikafunuliwa. Noelene alikuwa jikoni akiosha glasi na Glenys, mke wa mweka hazina, wakati Keith alipoingia na Alwyn nyuma yake, na Ross nyuma ya Alwyn. Keith alifunga mlango, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepoteza funguo.

"Shemeji, tuna habari njema na tatizo dogo," alisema. "Bia nyeusi imeshinda. Imeshinda zote."

Noelene akaiweka glasi chini. Glenys akafunga bomba.

"Sasa, fomu imeandikwa N. Dargavel," Keith akaendelea. "Mimi nilidhani... unajua, nilidhani ni makosa ya kuandika. Na wewe umehudumu meza hiyo hiyo. Sheria inasema mwenye bia akihudumu meza yake, anafutwa. Watu wa chama cha Warwick, walioshika nafasi ya pili, wameshaanza kuuliza."

"Nilikwambia kwenye simu."

"Uliniambia, lakini si kwa namna ya... Nilidhani unatania."

"Nilikwambia ni yangu mimi. Utani uko wapi hapo?"

Keith akamtazama Alwyn amsaidie. Alwyn akasafisha miwani kwa shati.

"Bibi Dargavel, hakuna anayesema ulifanya hila," alisema. "Bia ni nzuri sana. Hatutaki ipotee kwa sababu ya karatasi. Ross hakuhudumu meza yoyote. Ikiwa itatangazwa kwa jina la Ross, sheria haijavunjwa, kombe linabaki kwenu, bia inapikwa kiwandani. Kila mtu anarudi nyumbani na furaha."

"Na kiwandani anakwenda nani?"

"Mnaweza kwenda wote wawili," Keith akasema. "Wewe ukamsindikiza."

Noelene akamgeukia mumewe. Bado alikuwa na tumaini, na baadaye tumaini hilo ndilo lililomuuma kuliko maneno ya Keith. Ross alikuwa amesimama karibu na jokofu, mikono mfukoni.

"Noe," alisema, "jina ni jina tu. Si wote ni Dargavel?"

"Dargavel ni jina lako. Nililikuta kwako."

"Unajua ninachomaanisha. Ukikataa, unakosa vyote. Kuna ubaya gani? Sisi tutajua."

"Mwacheni basi Ross atueleze alivyoipika," Glenys akasema kutoka kwenye sinki, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya.

Ross akawa mwekundu. "Mimi nilishika mlango," alisema. Akacheka kidogo, akitumaini wengine watacheka. Glenys peke yake ndiye aliyecheka, na hakucheka kwa kumfurahia.

"Miaka yote hii wanakuambia hongera, unasema asante," Noelene alimwambia. Sauti yake ilikuwa chini, na ilimshangaza kwa jinsi ilivyotulia. "Nikasema, si neno, amechoka, mwache. Leo hujachoka, Ross. Leo umeulizwa mbele yangu, na umenitoa."

"Sijakutoa. Nataka upate."

"Unataka upate wewe, mimi nikusindikize."

Keith akatazama saa yake. "Shemeji, kuwa na busara. Watu wanasubiri."

Hapo ndipo Noelene alipotambua kwamba kuna kelele ukumbini, makofi na miluzi, na jina linatajwa. Akampita Keith, akafungua mlango. Pale mbele palikuwa na ubao mweupe wa matokeo, na juu kabisa, kwa wino wa bluu, walikuwa wamekwisha kuandika: Bia bora ya mwaka, Ross Dargavel. Waliandika kwanza, ndipo wakaja jikoni kumuuliza.

Aliona giza kwa hasira. Baadaye alikumbuka kwamba watu walimpisha, na kwamba Bruce alisema, "Hongera kwa mzee, shemeji," na hakumjibu. Alikuwa na kitambaa cha vyombo begani. Alikitoa, akalifuta jina la Ross kutoka ubaoni, akalifuta lote, pamoja na lile la Dargavel. Watu waligeuka kumtazama, safu baada ya safu mpaka nyuma.

Keith alimfikia akihema. Noelene akachukua kalamu iliyokuwa chini ya ubao, akamtilia mkononi.

"Andika jina langu," alisema.

"Siwezi. Sheria..."

"Sheria naijua. Mimi ndiye niliyeipika bia hiyo, na mimi ndiye niliyewahudumia. Sitaki unifichie hata moja kati ya hayo. Andika jina langu pale juu, kisha ulikate. Likate mbele ya watu."

"Shemeji, unajiharibia mwenyewe. Kiwanda, bomba, vyote vinakwenda Warwick."

"Viende."

Aliposema hivyo aliviona vyote vikienda, ngazi na mapipa na jina juu ya bomba, na machozi yakamjaa machoni kwa hasira. Hakuyapangusa. Ross alikuwa amefika ukingoni mwa watu. Mikono yake ilikuwa bado mfukoni.

Alwyn Petch alikuwa amesimama mbele kabisa. Alimtazama mwanamke aliyekuwa akimwagiza biskuti asubuhi nzima, na uso wake ukabadilika, maana sasa alikuwa akikumbuka kila alichokisema mezani.

"Muandike, Keith," alisema.

Keith akainua kalamu. Ikabaki hewani. Akageuka, akamsogelea Noelene, akanong'ona ili watu wa mbele wasisikie.

"Jina lako la kwanza ni nani vile?"

Noelene akamwambia, akapaza sauti ili watu wa mwisho kabisa walisikie. Keith akaliandika juu ya ubao, herufi kubwa, Noelene Dargavel. Kisha akachora mstari juu yake kutoka mwanzo hadi mwisho, mkono wake hauna raha.

"Lazima niandike sababu pembeni," alisema. "Niandike nini?"

"Andika ukweli," Noelene akamjibu. "Amefutwa kwa sababu alikuwa akituhudumia."

Keith aliandika hivyo hivyo, neno kwa neno, na hakuna mtu ukumbini aliyecheka.