Chumvi Katika Chungu cha Mama Orelia

Kisiwani Carriacou, katika bahari ya Karibi, chakula cha marehemu hakitiwi chumvi. Wazee waliotangulia wakiionja hata kwa ncha ya ulimi, hugeuka wakaenda zao, na mwenye nyumba atajijua. Hilo hata mbuzi wa kule wanalijua. Glendora alilijua tangu angali akibebwa mgongoni. Ndiyo maana alipoviona vidole vyake juu ya chungu cha mama yake, vimeshatia chumvi na vinajikung'uta, uso ulimwaka kuliko kuni.

Asubuhi hiyo jiwe la kaburi la mama yake, Mama Orelia, lilikuwa limesimamishwa, na siku ya jiwe marehemu hupikiwa. Shangazi zake Glendora walikuja mapema na visu vyao kusaidia kupika, akawatoa jikoni.

"Mama ni wangu," aliwaambia, "na mkono wake ninao mimi."

Wakatoka wakibetua midomo.

Wageni walijaa uani na njaa zao, maana hakuna aliye hai anayetia tonge kinywani kabla sahani ya marehemu haijawekwa chumbani kwake. Mjomba Kanuti, mdogo wake marehemu, alikuwa ameshalowesha koo kwa ramu.

"Ile dhoruba iliyong'oa paa la kanisa mnaikumbuka? La dada halikutoka! Alipanda juu akaling'ata bati kwa meno mpaka kukapambazuka. Tunamwambia, shuka dada, upepo umekwisha. Anajibu 'Mm-mm!' Hataki kufumbua mdomo, bati lisije likaruka!"

"Mwongo we! Meno yenyewe alikuwa nayo?"

"Mawili. Lakini yalikuwa meno!"

Wakacheka, kisha wakasimulia na yale ya kweli: jinsi alivyoziba nyufa za mashua za watu mpaka uzeeni, alivyozalisha nusu ya kisiwa, alivyovuka kwenda kuuza ndimu Trinidad na mtoto mchanga kifuani.

"Na mkono wa kupikia kamrithisha Glendora!" mtu akapaza sauti. "Harufu tu imenishibisha!"

Kule jikoni sifa ile ilimpiga Glendora kama kofi. Akapakua. Sahani hii hufungiwa chumbani na mshumaa. Nani angejua? Mama tu.

Alifika nayo hadi mlango wa chumba, mguu ukakataa kuvuka kizingiti. Akageuka, akatoka nayo uani.

"Nimemtilia mama chumvi."



"Mkono wake unao wewe, eeh?" akasema Shangazi Merisa. "Haya, tuonyeshe basi!"

"Dada keshasusa," akasema Mjomba Kanuti. "Hivi sasa anakwenda Grenada kwa miguu, juu ya maji."

Hakuna aliyecheka. Mtoto mmoja akaanza kulia njaa.

Jirani Estina, kikongwe wa nyumba ya pili, akajikongoja mpaka mbele yake. "Mwanangu, kopo la chumvi liko wapi?"

"Jikoni, bibi."

"Na hukujiuliza kwa nini mama yako, kila akitaka kuwapikia wazee wake, alikuja kuniachia kopo hilo tangu jana yake?"

Glendora alilikumbuka vizuri. Mama akivuka njia na kopo kwapani, na yeye dirishani akiwakonyeza wenzake: mama kaanza kuchanganyikiwa.

"Alikosea kama wewe, alipokuwa bibi harusi mpya, mbele ya wakwe," akasema Estina. "Tangu siku ile mkono wake hakuuamini tena. Wewe wako umeuamini kwa lipi?"

Glendora akaiweka sahani chini, akaingia jikoni. Akalichukua kopo, akavuka nalo njia huku ua mzima ukimtazama, akaliacha kwa Estina. Aliporudi, shangazi zake walikuwa mlangoni pa jikoni. Akawapisha.

"Niambieni la kufanya," akasema, macho chini.

"Menya vitunguu," akasema Merisa, kama anayemtuma binti mdogo.

Akamenya, chungu kingine kikapikwa, na sahani isiyo na chumvi ikawekwa chumbani. Wageni walikula jua likielekea kuzama, bila kumnung'unikia, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Kesho yake hakulifuata kopo lake, wala keshokutwa. Alikula chapwa wiki nzima, mpaka Estina alipolirudisha mwenyewe, akaliweka mlangoni na kuondoka bila kupiga hodi.