Fomu ya Watu Watano

Barua ya manispaa ilikuwa na mistari minne. Dada Wembe aliisoma mara mbili, mashine ya kunyolea bado mkononi. Leseni ya kinyozi haitahuishwa, kwa kuwa mwombaji amehojiwa na doria ya polisi mara sitini na tatu katika miezi minne.

"Sitini na tatu!" Jirani yake fundi viatu alicheka mlangoni. "Kumbe wewe jambazi sugu, na sisi tunakukabidhi vichwa vyetu."

Dada Wembe hakucheka. Kibanda aliachiwa na marehemu mumewe, na ndicho kilichowalisha yeye na mama mkwe wake. Tena doria yenyewe aliiomba kwa mdomo wake. Wakati ule simu zilikuwa zikiporwa pale kona ya kibanda mchana kweupe, na ni yeye aliyepita mlango kwa mlango akikusanya saini. Polisi wakaja, wakachora alama nyeupe mbele ya kibanda chake. Amri ikawa gari lisimame hapo robo saa, saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, na kila likisimama wahojiwe watu watano, majina yao yajazwe kwenye fomu. Alifurahi sana, hata viti akawatolea.

Lakini vibaka si wajinga. Juma la pili walishazijua saa za gari, wakahamia mtaa wa nyuma. Kona ikatulia kweli. Fomu ikaendelea kudai watu watano, na watu waliokuwa karibu, wamekaa, hawakimbii, walikuwa wateja wa kinyozi. Wakipungua, koplo wa doria alimgeukia yeye. "Dada, nisaidie jina, nimalize mstari." Akampa lake, huku anatania, kama mtu anayemgawia jirani chumvi.

Alasiri ile alikwenda manispaa. Karani hakuinua macho.

"Nilihojiwa kwa sababu kibanda changu kiko pale pale gari linaposimama."

"Mtu hahojiwi mara sitini na tatu bure, mama."

"Basi muulizeni koplo."

"Koplo ndiye aliyeandika."

Kesho yake saa nne gari lilisimama juu ya alama. Koplo aliteremka na fomu yake, nyuma yake mgambo wa manispaa na kufuli. Ndani, fundi viatu alikuwa kitini, nusu ya kichwa imenyolewa.

"Afande, nifute kwenye hizo fomu."

"Nikikufuta, doria itaonekana haijafanya kitu. Wakubwa wamefurahi, dada. Uhalifu kona hii umeshuka hadi sifuri."

"Na mtaa wa nyuma?"

"Mtaa wa nyuma hauna alama."

Hasira ilimpanda Dada Wembe. Alimwinua fundi viatu, akakibeba kiti mpaka nje, akamkalisha tena. Mgambo akafunga mlango, na umeme ukabaki ndani. Dada Wembe akachomoa wembe mpya kwenye karatasi yake.

"Ondoa hicho kiti," mgambo alisema.

"Kiondoe wewe. Leseni mmeninyima, mikono ni yangu."

Mgambo alikitazama kiti, akautazama na wembe, akabaki aliposimama. Koplo alifungua fomu. "Majina."

"Andika Wembe," alisema fundi viatu, shingo imeinamishwa.

"Na mimi Wembe," alisema mteja wa kwanza kwenye benchi.

"Wembe," alisema wa pili.

Benchi zima likacheka. Koplo aliandika yote matatu bila kinyongo. Mstari ni mstari.

Ndipo mama mmoja akatokea mbio kutoka mtaa wa nyuma, kiatu kimoja mguuni, mkononi kamba ya mkoba iliyokatika.

"Wezi! Wawili! Wameingia uchochoro ule! Mkikimbia mnawapata!"

Koplo alitazama saa yake. "Hapa tumebakiza dakika sita. Jina lako, mama?"

"Mama, usimpe!" Dada Wembe alipaza sauti.

Lakini yule mama, akihema, alishalitaja, akidhani ndiyo msaada unaanza. Koplo akaliweka mstari wa nne, chini ya waliohojiwa.

"Bado mmoja," alisema, akamwelekezea Dada Wembe kalamu.

"Leo sitoi."

Koplo hakuhitaji kupewa jina lake. Alikuwa analijua kwa moyo. Aliliandika mstari wa tano, akapiga saini, akaegemea gari kumalizia dakika zake. Yule mama alikuwa bado anaonyesha uchochoro kwa kidole.