Kikaratasi cha Wadha

Wadha binti Daifallah alianguka asubuhi chini ya mzeituni wake, ndoo mkononi, mdomo umepinda na maneno yamemkauka. Gari la wagonjwa lilipoanza kuteremka milima ya Ajloun kuelekea mji wa Irbid, mhudumu wake, binti aitwaye Suhad, alikuwa amekwisha kumbandika nyaya kifuani. Kwamba ni kiharusi, hata kipofu angejua. Suhad alitaka kujua kimetoka wapi.

Akakiona chanzo kwenye mashine ya moyo. Kwa dakika nne moyo wa yule mama ulidunda ovyo, mara mbio, mara kimya. Moyo wa namna hiyo hugandisha damu na kuitupia kichwani. Suhad akachapa mstari wa mapigo kwenye kikaratasi, akaandika juu yake jina kamili na saa. Mara gari likakata kona, mgonjwa akatapika, na katika kumgeuza karatasi ikadondoka. Alipoinua macho, moyo umetulia tuli, kana kwamba haukufanya lolote.

Hospitalini daktari alipima upya, akasema moyo ni mzima. Suhad akaeleza alichokiona. Daktari hakumbishia, ila aliitaka karatasi. Dawa ya kuzuia kiharusi cha pili inaweza kumvujisha mtu damu, na hawezi kuianza kwa kuambiwa tu.

Suhad akarudi garini, akapekua chini ya kitanda, akapekua hadi pipa la taka. Hakuna kitu, na mashine ile kongwe haihifadhi kumbukumbu. Alijichukia kwa uzembe wake, maana alijua kiharusi cha pili hakina huruma.

Nje, mume wa Wadha, Abu Nayef, aliyekuja naye garini, alikuwa ameketi na tasbihi yake. Akamuuliza anatafuta nini.

"Kikaratasi, mzee wangu. Kina mistari ya moyo."

"Chenye jina la Wadha?"

Mzee akatia mkono mfukoni, akatoa vipande vya magazeti, kadi ya harusi iliyochanika, na kile kikaratasi, kimekunjwa vizuri.

"Daifallah ni jina la mkwe wangu, na ndani yake mna jina la Mungu," alisema. "Ningeliachaje likanyagwe, binti yangu? Nimelibusu nikaliweka."

Ndivyo alivyo. Haipiti karatasi yenye jina hilo njiani asiiokote, na kwa miaka arobaini Wadha amemsuta kwamba hakuolewa na mtu, ameolewa na jalala. Suhad alikimbia na kikaratasi ndani, analia na kucheka.

Jioni dawa ilikuwa imeandikwa. Daktari alitoa nakala, na mzee akadai kikaratasi chake. Alipoinama kitandani, ncha ya kikaratasi ilichungulia mfukoni mwake. Wadha, ambaye tangu asubuhi hakutamka neno, aliitazama. Nusu ya mdomo wake ikapanda.

"Ja... lala," akasema.

Abu Nayef akaushika mkono wake, akalia mbele za watu bila haya, akamwomba amtukane tena.