Mto wa Sufi

Watu wa Mazingara, kijijini kwetu Handeni, wanasema mume wangu amenikimbia. Waache waseme. Mwanamume aliyemkimbia mkewe haendi kukaa kwa binti yake wa kumzaa, tena kila gari likitoka Korogwe anatuma salamu. Mhina hajanikimbia. Mhina amefuata umeme.

Ngoja nieleze vizuri, maana ukieleza nusu watu wanajimalizia wenyewe. Mume wangu anakoroma. Si kukoroma huku mnakokujua nyinyi, huyu akianza mbuzi wanaamka bandani. Kukoroma nilikuzoea tangu nikiwa bibi harusi. Kilichonitia hofu ni kimya chake. Anakoroma, anakoroma, halafu kimya, pumzi imekata. Nampiga kiwiko, anashtuka, anavuta hewa kwa nguvu, anarudi kulala. Miaka yote hiyo nimemlinda kwa kiwiko. Mchana sasa, anasinzia hata katikati ya maneno yake mwenyewe. Siku aliyosinzia juu ya baiskeli akaingia mtaroni na gunia zima la machungwa, nikasema basi, imetosha, twende hospitali.

Daktari wa Dar akatwambia koo la mzee linajifunga akilala. Akasema ipo mashine inayosukuma hewa puani usiku kucha ili koo libaki wazi. Zamani kitu kama hicho ungekitolea wapi? Lakini tangu kila kitu kiwe ruksa, makontena yanashusha mpaka meno ya bandia. Binti yetu Hajira akahangaika mjini akaipata ya mtumba, na mpira wake, na maski ya kuvaa puani. Tatizo ni umeme. Mazingara umeme tunauona unapita juu kwenye nguzo kubwa, unakwenda kwa wengine. Korogwe, kwa Hajira pale Manundu, upo. Mhina akafunga nguo zake akaenda.

"Na wewe si ungemfuata?" Wanaouliza hivyo hawana mkwe. Nyumba ile ni ya Ukasha, mume wa Hajira, dereva wa lori la mkonge. Sisi Wazigua mama mkwe hajinyooshi kwa mkwewe. Hata chakula nakilia jikoni. Sasa nilale chumba kimoja na mume wangu, mkwe yuko ukuta wa pili anasikia kitanda? Heri ardhi inimeze! Nikienda Korogwe nalala na wajukuu. Mume wangu namwona mchana, mlango wazi, nimekaa kwenye kigoda utadhani nimekuja kumjulia hali mgonjwa wa jirani.

Hata hivyo mpango tulikuwa nao. Fundi Ponsiano wa pale Segera, yule wa redio, alishajaribu akaona mashine inakwenda kwa betri la lori. Betri likapatikana, likawekwa kwangu chini ya kitanda. Aliyekataa ni Sista Beatrisi, nesi anayemwangalia mzee Korogwe.

"Mama Hajira, mzee hatoki hapa mpaka aweze kulala na maski bila kuivua," aliniambia. "Hapa penyewe mjini anaivua. Akiivua huko kwenu pumzi ikakatika, nani atamwahisha hospitali?"

Na kwa nini anaivua? Pua. Pua ya Mhina ilikuwa imeziba tangu masika. Mashine inasukuma hewa, pua haipitishi, mtu anajiona ananyongwa, anaing'oa maski na kuitupa. Asubuhi Hajira anamkuta amekaa kitandani, macho mekundu, mashine inapulizia ukuta.

Nami nilimtamani mume wangu. Nasema wazi, kuzeeka si kufa. Kitanda kilikuwa kipana, nikawa nalala upande wangu na upande wake siugusi. Kuna usiku kiwiko kilikuwa kinaamka chenyewe, kinapiga, kinakuta shuka tupu. Niliyekuwa nalalamika mbele za watu kwamba sipati usingizi kwa mkoromo wa mtu, sasa sikupata usingizi kwa kuukosa.

Nikawa namtumia mito. Nyuma ya nyumba yetu uko msufi mkubwa. Sufi ikikomaa na kupasuka naiokota, nachambua mbegu, naishindilia mpaka mto unakuwa mgumu kama anavyoupenda yeye. Foronya naishona kwa kanga yangu kuukuu. Hizo sponji zilizojaa madukani siku hizi sizitaki hata kuziona, ukilalia miezi miwili imebonyea. Nikisikia mtu anakwenda Korogwe, nampa mto. Ningempa nini kingine? Mimi mwenyewe sikuweza kujifunga kwenye furushi nikapelekwa.

Mwezi wa tisa nikachoka. Nikakata majani ya mkaratusi, nikang'oa vivumbasi fungu zima, nikawaachia majirani kazi ya kufukuza ngedere shambani, nikaenda Korogwe. Nilijiapiza kwamba pua ile nitaizibua kwa mikono yangu.

Nilimkuta kapungua. Nikamwamkia, akaitikia, sauti nzito imekwama puani. Nikataka kumshika shavu nikakumbuka niko wapi. Nikashika ukingo wa kitanda.

"Umekonda, Baba Hajira."

"Wali wa Hajira mtamu," akasema, "ila sijui una ladha gani. Sisikii ladha wala harufu."

Nikachemsha majani yangu. Nikamwinamisha juu ya sufuria, nikamfunika blanketi zito, nikamwambia akitoka kabla sijamruhusu atanitambua. Alitoka jasho, akapenga kamasi, akapiga chafya, na nilipomfunua pua zote mbili zilikuwa wazi, anacheka mwenyewe. "Mkaratusi huo!" akasema. "Nausikia!" Nikamvisha maski, nikawasha mashine, nikamwambia alale kidogo kabla ya chakula. Nikaenda jikoni natamba kwa Hajira kwamba kazi ya miezi sita nimeimaliza kwa sufuria moja.

Niliporudi, maski iko sakafuni. Mzee kakaa, mdomo wazi, pua imeziba ndi.

Haki ya Mungu nilipandwa na hasira. Kwa kuwa mgonjwa hapigwi, hasira nikazihamishia kwenye mashine. Nikaigeuza. Nyuma ina kidirisha, ndani yake kisponji cha kuchujia hewa, nilikuwa nimemwona Hajira akikiosha. Nikakichomoa. Kilikuwa kimejaa manyoya meupe. Nikayafikicha kwa vidole. Pamba ukiifikicha inashikana, ile iliteleza. Hakuna mwanamke wa Handeni ambaye vidole vyake haviijui sufi.

Nikaangalia kitandani. Palikuwa na mto wa sponji, wa dukani, msafi.

"Mito yangu iko wapi?"

Mhina akatazama dirishani.

"Baba Hajira, nakuuliza. Mito niliyokutumia iko wapi?"

Nikapiga magoti nikachungulia uvunguni. Mitatu ilikuwa imesukumwa huko mpaka ukutani. Wa nne niliukuta chini ya blanketi pale pale alipokuwa amelala, foronya ya kanga yangu imechakaa, mshono umeachia, sufi inatoka. Niliukung'uta kidogo tu, vumbi likapanda, nami nikapiga chafya.

"Sista alishasema," Mhina akaanza taratibu. "Alisema vumbi la sufi ndilo linaloniziba. Hajira akaitoa yote akaiweka stoo. Mimi nikawaomba wasikwambie, nikairudisha kwa siri. Akishafunga mlango naweka pembeni mto wake, nachukua huu."

"Kwa hiyo ulijua?"

"Nilijua."

"Mhina!" Nilimwita jina, jambo nisilolifanya mbele ya watu tangu tuoane, na wajukuu walikuwa uani wanasikia. "Unajua ninavyoishi mimi? Nakoka moto peke yangu. Nikipika ugali unabaki, nampa mbwa. Watu wananicheka kisimani kwamba nimeachwa uzeeni. Nahesabu magari barabarani nikisema labda leo, labda hili. Kumbe mwenzangu hataki kupona, kakumbatia mto!"

"Una harufu yako," akasema.

"Harufu! Na pua imeziba hivyo, harufu unaisikia wapi?"

Akainamisha kichwa. Vidole vyake vilikuwa vinarudisha sufi kwenye mshono, kidogo kidogo.

"Siisikii," akasema. "Siku nyingi siisikii. Lakini najua imo."

Nikakaa chini, pale pale sakafuni, nikalia, nimeziba mdomo kwa ncha ya mtandio ili nyumba ya watu isinisikie. Nililia kwa kumwonea huruma, na nililia kwa kujiona mjinga. Ile sufi niliiokota mimi. Nilichambua mimi, nikaishindilia mimi, huku nimekaa barazani nasema huu utamfikia, huu utamlaza vizuri. Kila nilipomtamani nilimtumia kitu cha kumkalisha mbali nami.

Nilipopangusa uso nikanyoosha mkono. "Nipe."

"Nitalala na nini?"

"Utalala peke yako. Mimi nalala peke yangu, sina mto wenye harufu yako, nimekufa? Chagua, Baba Hajira. Mto, au mwenye mto."

Alichelewa kuutoa. Nisidanganye, alichelewa mpaka roho ikaniuma. Halafu akautoa.

Siku ile ile niliibeba minne yote nikaipeleka nyuma ya nyumba nikaichoma. Nikafua mashuka, blanketi na pazia, nikapiga deki mpaka uvunguni, nikakiosha kisponji kwa sabuni nikakianika. Nikabaki Korogwe, nalala na wajukuu, miguu yao mbavuni. Asubuhi nikiamka swali ni moja: "Umeivua?" Mwanzoni alikuwa anaivua. Alikuwa anasema hapati usingizi, mkono unatafuta kitu. Nikamwambia na wangu unatafuta. Nikaendelea kumfukiza kila jioni, pua ikaanza kukaa wazi hadi asubuhi, na ikafika siku Hajira akaniambia amechungulia alfajiri akakuta baba yake kalala, maski iko usoni.

Sista Beatrisi hakuamini ya kuambiwa. Akasema atakuja kujionea mwenyewe, saa za watu kupumzika mchana. Siku hiyo mzee alijilaza, nikamvisha maski, nikabandika wali wa nazi jikoni, halafu nikarudi kukaa kwenye kigoda changu mlangoni. Hajira alikuwa sokoni. Nikatazama kifua cha mume wangu. Kilipanda kikashuka, kikapanda kikashuka. Hakukoroma. Nikasubiri kile kimya ninachokijua, hakikuja. Nilifurahi, na wakati huo huo niliionea wivu ile mashine, maana kazi ile ilikuwa yangu. Sista akaingia polepole, akasimama nyuma yangu, akatazama kwa muda mrefu, akaniminya bega.

Mhina akafumbua macho. Akaitoa maski mwenyewe, kwa utaratibu, akaiweka kando. Pua zikamcheza.

"Mama Hajira," akasema, "wali unaungua."

Sista akaangua kicheko. Mimi sikunyanyuka.

"Umesikia nini?"

"Wali. Unaungua, nakwambia."

"Na nini tena?"

Akashuka kitandani akanisogelea. Mlango wazi, nesi kasimama, ndani ya nyumba ya mkwe, akainama akaweka uso kwenye mtandio wangu, akavuta pumzi ndefu. Ningemsukuma. Mwanamke mwenye heshima zake angemsukuma. Sikumsukuma.

"Moshi wa kuni," akasema. "Moshi wa nyumbani." Akavuta tena, naye akaniita jina. "Hamisa, nipeleke nyumbani."

Nilimtazama Sista. Akatikisa kichwa kwamba ndiyo, halafu akapita kwenda jikoni kuipua ule wali mwenyewe.

"Godoro la kwetu ni la sufi," nikamwambia Mhina. "Mito ni ya sufi. Nikifika natoa vyote. Tutalala kwenye mkeka."

"Upo wa watu wawili?"

Nikamwambia upo.