Wanaotoka Kabla ya Mwisho

Jumapili saa tisa alasiri, baada ya ibada na baada ya chakula, Bonaventura alikuwa akining'iniza magunia kwenye madirisha ya banda lake la video pale Unyambwa ili jua lisiingie. Banda lilikuwa la mabati pande tatu. Upande wa nne ulikuwa ukuta wa matofali, uliopakwa chokaa mara mbili kwa mwaka, na huo ndio uliopokea picha kutoka kwenye projekta. Watu walikaa kwenye mabenchi. Pembeni, kwenye kiti cha plastiki, alikaa Shukuru na kipaza sauti. Kazi yake ilikuwa kutafsiri filamu za nje kwa Kiswahili papo hapo, sauti zote akifanya yeye: ya mzee, ya mtoto, ya polisi na ya mbwa.

Shukuru hakuwa na muda wa kushika majina ya kigeni. Tajiri katika kila filamu alimwita Bosi, na mke wa tajiri alimwita Belinda.

Dorkas, fundi cherehani mwenye kibanda ng'ambo ya barabara, alikuwa akija kila Jumapili kuangalia magauni. Alikaa benchi la mwisho na kijidaftari, akichora mikono na kola. Sixbert, aliyemuoa binti yake Eliana, alikaa benchi la mbele kabisa kwa heshima ya ukwe, na wakikutana mlangoni walisalimiana bila kutazamana sana.

Jumapili moja ya mwezi wa tano, filamu ilikuwa ya familia yenye nyumba ya ghorofa. Belinda, aliyevaa gauni la kijani lenye mikunjo kiunoni, alileta supu mezani. Bosi akaonja, akaona imepoa, akainuka na kumzaba kibao. Shukuru akatia maneno yake: "Pokea salamu, Belinda." Banda zima likacheka. Sixbert alicheka mpaka akapiga benchi kwa kiganja.

Dorkas alikuwa hajamaliza kuchora mikunjo ya kiuno. Alifunga kijidaftari, akasema samahani kwa watu watatu waliokuwa kati yake na mlango, akatoka. Kabla ya siku hiyo hakuna mtu aliyewahi kutoka kwa Bonaventura filamu ikiwa haijaisha, kwa kuwa kiingilio hakirudishwi.

Alipofika barabarani alisikia hatua nyuma yake. Yule mwanamke wa gauni la kijani alikuwa amesimama mlangoni, amekinga macho kwa mkono mmoja, na mkono wa pili bado umeshika bakuli la supu. Shavu lake la kushoto lilikuwa jekundu.

"Ni wewe uliyetoka?" akauliza. Sauti yake ilikuwa ya Shukuru, nene na yenye mafua kidogo, kwa sababu Kiswahili chote alichokuwa nacho alikipata kwake.

"Ni mimi," Dorkas akasema.

"Sikujua kama inaruhusiwa."

"Hata mimi sikujua. Umekula?"

"Nimepika tu."

Dorkas alichukua bakuli, akaonja. Kweli ilikuwa imepoa, lakini chumvi ilikuwa sawa. Waliinywa wakipokezana, wamekaa kwenye kizingiti cha kibanda cha cherehani, kisha wakaenda nyumbani. Kule ndani Bosi alizaba kibao cha pili, akapiga hewa, akayumba, akaendelea kukigombeza kiti. Watu walitazama mpaka mwisho.

Mzee Simeoni, mume wa Dorkas, alikuwa uani akipura alizeti kwa fimbo. Alipokea shikamoo ya mgeni, akaitikia marahaba, akamtazama tangu kichwani hadi kwenye viatu vya visigino.

"Ameolewa?" akamuuliza mkewe.

"Ameolewa. Mume amebaki kwenye filamu."

"Atakuja kumdai?"

"Yuko bize na kiti."

Simeoni alikuwa mzee wa kanisa, na mambo ya ndoa alizoea kuyapima polepole. Alipura vichwa viwili vya alizeti kabla ya kujibu. "Mwenye mke hajaja kunisalimia," akasema. "Siwezi kumrudisha mtu kwa mtu nisiyemjua. Na akae."

Basi Belinda akakaa. Alipewa chumba alichokuwa akilala Eliana kabla ya kuolewa. Mwanzoni alijua mambo matatu tu: kupanga maua, kushuka ngazi taratibu, na kulia bila kutoa kamasi. Unyambwa hakuna ngazi. Lakini baada ya mwezi aliweza kupepeta, kukimbiza kuku hadi kumkamata, na kubeba ndoo bila kushika. Kulia alikutumia mashineni, foleni ya kusaga ikiwa ndefu, na watu walimpisha. Mezani alikula kuliko wote. Alisema katika filamu alikaa mezani mara sita, na kila mara kabla hajafikisha kijiko mdomoni lilitokea la kutokea. Dorkas alipomfundisha Kinyaturu, sauti ya Shukuru ilianza kumtoka kama rangi ya nguo inavyotoka ikifuliwa, na kufikia mwezi wa saba alikuwa na sauti yake mwenyewe, nyembamba, yenye kicheko kirefu kilichosikika mpaka kwa majirani.

Jumapili zilizofuata wanawake wengine nao walitoka. Rahma, muuza vitenge wa sokoni Singida, alitoka wakati wa kibao cha ngazini, akarudi kwake na mwanamke mrefu aliyekuja kuwa hodari wa kukunja vitenge kuliko yeye. Mwingine alikuja ameshika pasi ya moto. Mmoja alitoka kwenye filamu ya zamani isiyo na rangi, akawa mweusi na mweupe na kijivu mwili mzima, na watoto walimpenda sana. Jua la Singida lilimtia rangi kidogo kidogo, likianzia masikioni.

Wote waliitwa Belinda. Mwenyekiti wa mtaa aliwaandika katika daftari la wakazi: Belinda wa Dorkas, Belinda wa Rahma, Belinda wa Pasi. Penye "Alikotoka" aliandika "Ukutani." Mwezi wa nane walikuwa kumi na mmoja. Walianzisha kikundi cha kukamua alizeti, na mafuta yao yalisifiwa. Fundi baiskeli mmoja, ambaye hakuwa na mke, alijaribu kutoka mara tatu wakati wa filamu ya muziki, akitumaini. Mara ya tatu alifuatwa na mbu.

Bonaventura hakulalamika. Alitoboa mlango wa pili, kwa kuwa wanawake walipotoka kwa pamoja walisababisha msongamano. Wanaume waliobaki waliona filamu zimekuwa tamu zaidi. Bosi sasa alikuwa akipiga hewa na kuanguka, na Shukuru alimtungia maneno ya kuanguka nayo. Sixbert alikuwa akicheka mpaka anafuta machozi.

Jumamosi moja Eliana alikuja kwa wazazi wake kuchukua nguo ya mtoto iliyoshonwa. Alikuwa amejitanda khanga hadi karibu na jicho, ingawa hapakuwa na baridi. Aliamkia, akachukua nguo, akakataa chai. Belinda alikuwa akichambua mchele. Alimtazama mara moja, akarudi kwenye mchele wake. Eliana alipoondoka, Belinda alisema:

"Mkono wa kulia. Aliyempiga amevaa pete."

Dorkas alikuwa akitia uzi kwenye sindano. "Aliniambia ni mlango," akasema.

"Hata mimi kwenye filamu huwa nasema mlango. Iko sehemu ya pili."

Siku ya pili yake, badala ya kwenda kwa Bonaventura, akina Belinda wote kumi na mmoja walivaa vizuri wakaenda nyumbani kwa Eliana. Dorkas aliongozana nao kwa sababu ndiye aliyejua njia. Sixbert alikuwa bandani akitazama filamu. Eliana aliwatandikia mikeka chini ya upenu, akapika ugali na mlenda. Walikula, wakamsifu, na mtoto akapitishwa kutoka paja hadi paja mpaka akalala kwenye paja la Belinda wa Pasi.

"Tumekufuata," Belinda wa Dorkas akasema walipomaliza kunawa. "Sisi tulikuwa hatujui kama inawezekana kutoka. Ametoka mama yako, nasi tukatoka. Sasa toka wewe, sisi tutakuwa nyuma yako. Njia siyo mbaya. Ni kama kushuka kwenye baiskeli."

Eliana alicheka kidogo. Alikuwa hajacheka siku nyingi, na upande mmoja wa uso wake ulimuuma.

"Mimi nilishatoka," akasema. "Mwaka juzi, wiki ya Krismasi. Nilikuwa na begi na mimba ya miezi mitano. Nilifika kwa mama saa nne asubuhi. Nikapewa chai. Baba akaita kikao, wakaja wazee wanne. Wakauliza mimi nilifanya nini mpaka nikapigwa. Nikasema nilichelewa mashineni. Wakasema basi, kumbe sababu ipo. Saa kumi nikarudishwa huku na jogoo wa kuombea radhi."

Katika filamu za akina Belinda hapakuwa na jogoo.

"Nani alimbeba?" akauliza Belinda wa Rahma.

"Nilimbeba mwenyewe."

Dorkas alikuwa akitazama mikono yake. "Miguu ya yule jogoo niliifunga mimi," akasema. "Niliifunga vizuri ili asikusumbue njiani."

"Hakunisumbua, mama," Eliana akasema.

Jioni hiyo Dorkas alimsubiri mumewe amalize kula. Belinda alikuwa jikoni akiimba.

"Nataka Eliana arudi nyumbani," akasema. "Na mtoto."

Simeoni hakukasirika. Alikuwa mtu mpole, na Belinda alimwita baba na kumwekea maji ya kuoga kila jioni. "Eliana ana kwake," akasema. "Sixbert tunamjua. Baba yake tunamjua. Ni mtu wa watu, kwenye msiba hakosi. Nikimchukua binti, kesho baba yake yuko hapa kwenye kigoda hiki. Nitamwambia nini?"

"Mwambie anampiga."

"Hilo analijua."

"Na huyu anayeimba huko jikoni?"

"Huyu ni tofauti. Huyu mume wake simjui." Akanawa mikono, akamshukuru Mungu kwa chakula, akamwita Belinda aje atoe vyombo, na akamwambia wimbo ulikuwa mzuri.

Dorkas alilala macho wazi, na asubuhi alifanya kitu kimoja. Alipitia kwa Eliana, akamwambia mlango wa kibanda cha cherehani hautafungwa kwa kufuli tena, mchana wala usiku, na ndani kuna godoro. Hicho kibanda ni chake, hakuna kikao kinachokihusu. Eliana alisema asante, mama. Alisema atafikiri, maana mtoto ana kikohozi na Sixbert alikuwa ameahidi kubadilika baada ya mavuno.

Mavuno yalipita. Vitunguu vilijaa sokoni, mafuta ya akina Belinda yakapelekwa hadi Manyoni, na yule asiye na rangi akapata wekundu wa midomo, jambo lililomfurahisha hadi akanunua kioo. Jumapili moja Sixbert akaja kwa Bonaventura na mkewe. Alimnunulia soda, akamkalisha karibu naye benchi la mbele.

Filamu ilikuwa mpya. Belinda wa humo alikuwa mdogo, amevaa gauni la njano lenye mabega yaliyotunishwa, na Dorkas alichora mabega hayo kwa haraka kwa sababu alijua muda hautoshi. Bosi aliingia, akatupa koti. Kabla hajainua mkono, wanawake wote wa mabenchi ya nyuma walisimama kama wanavyosimama kanisani, wakaanza kutoka kwa milango yote miwili.

Eliana naye alisimama.

"Kaa," Sixbert akamwambia kwa upole, akamshika kiuno cha sketi. "Haijaisha."

Eliana alitazama nyuma. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni na kijidaftari, mlango umejaa mwanga, na hakuna aliyemzuia njia. Eliana alisimama hivyo kwa muda ambao Shukuru aliweza kukohoa mara mbili. Kisha akakaa. Kule ukutani mwanamke wa gauni la njano, ambaye mguu wake mmoja ulikuwa umeshafika sakafuni, aliurudisha.

Nje ilikuwa furaha. Hawakupata mtu mpya siku hiyo, lakini Rahma alikuwa ameleta karanga, na Belinda wa Dorkas aliwaigiza akina Bosi wote, mmoja baada ya mwingine, wanavyoanguka, mpaka watu wa bodaboda wakaacha kuita abiria. Dorkas hakukaa nao. Alibaki kando ya mlango hadi filamu ilipoisha na watu wakaanza kutoka wakijinyoosha.

"Shikamoo, mama," Eliana akasema.

"Marahaba, mwanangu. Ilikuwaje?"

"Nzuri. Waliishia kupatana."

Sixbert aliamkia naye, ameinamisha macho kama inavyotakiwa. "Mama, wewe unakosa uhondo," akasema. "Kila Jumapili unatoka kabla hawajapatana."

Kisha akaita bodaboda, akampakia mkewe kwanza, akamwekea khanga vizuri isiingie kwenye gurudumu, akapanda nyuma yake.